Lance hakushindi kwa levo

Kijana mmoja wa Kondele, Kisumu, ameniandikia hivi: "Fundi, habari za Nakuru? Nacheza Pokémon FireRed kwa simu. Beji zote nane ninazo na nimefika Indigo Plateau. Ninayemtegemea ni Charizard wa levo 68. Nina Dugtrio wa 41, Pidgeotto wa 33, na wengine watatu wa kubeba HM tu, yale mapigo ya kuvukia mito na kusukumia mawe. Lorelei na Bruno napita. Agatha ananichosha: Dugtrio akipiga Earthquake, Gengar haguswi hata kidogo, na nilisoma mahali kwamba ardhi inammaliza. Nikimvuka Agatha, Lance ananipeleka nyumbani. Aerodactyl wake anamwangusha Charizard kwa pigo moja. Nimejaribu mara kumi na moja. Marafiki wananiambia nimpandishe Charizard mpaka levo 100 ndipo nirudi. Nifanye hivyo? Na kwa nini hawa wanne wakawekwa wagumu namna hii?"

Njema, mdogo wangu. Kwa asiyeijua, FireRed ni gemu ya kulea wanyama na kuwapiganisha, na ukishapata beji nane unaingia Indigo Plateau kupigana mfululizo na wababe wanne: Lorelei, Bruno, Agatha na Lance. Hauko peke yako. Hapa kibandani natengeneza simu, na kila likizo ya shule haipiti bila kuletewa kioo kilichopasuka kwa hasira ya gemu. Mmoja aliniapia kwamba simu ilimponyoka ikaanguka sakafuni. Nilipoiwasha ilikuwa bado imesimama chumbani kwa Lance.

Kuhusu levo 100, usijisumbue. Tupige hesabu kidogo. Kila mnyama katika gemu hii ana ngazi yake ya kukua, na vidato vya juu ni virefu kuliko vya chini. Charizard akigonga levo 68 huwa amekusanya pointi za uzoefu 314,618. Levo 100 yake ni pointi 1,059,860. Ukitazama levo, unaona umebakiza theluthi tu. Ukitazama pointi, hata theluthi ya safari hujafika. Umebakiza 745,242, na hizo utaziokota kwa kupiga wanyama wa Victory Road mmoja baada ya mwingine mpaka chaja iyeyuke. Sasa mkumbuke Lapras, yule unayepewa bure ghorofa ya 7 ya jengo la Silph Co. Naamini bado umemlaza kwenye boksi la kompyuta, kama karibu kila anayeniuliza swali hili. Anakuja na levo 25. Kumtoa hapo hadi 50 kunataka pointi 136,719. Jasho unaloambiwa ummwagie Charizard mmoja lingelea Lapras watano kutoka 25 hadi 50, na chenji ibaki.

Sikatai, Charizard wa 100 huenda akapita. Hata panga butu ukilipiga sana mti utaanguka. Ila ukishamaliza Sevii Islands hawa wanne wanakungoja tena, wamepanda zaidi ya levo kumi kila mmoja, na wewe utakuwa bado na panga lile lile.

Tuingie chumbani kwa Lance, maana hapo ndipo pana kidonda chako. Ana Gyarados wa levo 56, Dragonair wawili wa 54, Aerodactyl wa 58 na Dragonite wa 60. Hakuna hata mmoja anayekufikia kwa levo. Basi anakushindaje? Chukua hao watano, uwapige moto mmoja mmoja. Gyarados ni wa maji, anakata moto nusu. Dragonair ni majoka, nao wanakata nusu. Aerodactyl ana mwamba mwilini, nusu. Dragonite ni joka, nusu. Watano wote! Umeleta jiko la makaa kwenye mvua, kisha unajiuliza mbona halishiki.

Itazame kwa namba. Flamethrower, pigo la moto, ina nguvu 95. Kwa kuwa Charizard ni wa moto na anatumia pigo la aina yake, inazidishwa kwa moja na nusu, inakuwa 142.5. Dragonite anaikata nusu, inabaki kama 71. Ice Beam, pigo la barafu, nayo ni 95. Lapras ni wa barafu, kwa hiyo inafika 142.5 vilevile. Lakini Dragonite ni joka na pia ni wa kuruka, na aina zote mbili zinaogopa barafu, kwa hiyo zidisha kwa mbili, halafu kwa mbili tena. Unapata 570. Hiyo ni mara nane ya moto wako, kabla hata hatujagusa levo. Hakuna levo utakayomwongezea Charizard itakayompa mara nane.

Na Aerodactyl anakufanyia wewe hesabu hiyo hiyo. Ana AncientPower, pigo la mwamba lenye nguvu 60 tu. Mwamba unauumiza moto mara mbili na wa kuruka mara mbili, na Charizard wako ni vyote viwili. Ongeza ile moja na nusu, 60 inakuwa 360. Tena Aerodactyl ana mbio kumshinda, kwa hiyo anatangulia. Pigo hilo linakula karibu damu yote ya Charizard mzima, sembuse aliyetoka kuchubuliwa na Dragonair wawili.

Hilo ndilo ningekuomba ulishike kuhusu hawa watu wote, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho wa mfululizo huu: usisome cheo cha mlangoni, soma wanyama waliomo ndani. Cheo kinadanganya. Lance anaitwa bwana wa majoka, lakini kati ya watano wake majoka halisi ni watatu. Gyarados na Aerodactyl hawana ujoka wowote katika aina zao. Lorelei anajulikana kwa barafu, lakini wanne kati ya watano wake ni wa maji, wote isipokuwa Jynx, kwa hiyo umeme unamsumbua kuliko kitu kingine. Bruno ni mtu wa ngumi, naye kaingiza Onix wawili ambao ni mwamba na ardhi. Mwagia maji, ni mara nne, hata hawapumui. Agatha ndiye mwongo mkubwa kuliko wote. Anaitwa bibi wa mizimu, lakini ana Golbat na Arbok ambao si mizimu hata kidogo, huku watano wake wote, Gengar wawili, Haunter, Golbat na Arbok, wakiwa na sumu. Kwa haki angeitwa bibi wa sumu. Na kwenye Diamond na Pearl za mwaka 2006 kuna Flint, anayejiita mtu wa moto. Kati ya wanyama wake watano, wa moto ni wawili tu. Waliobaki ni Steelix, Drifblim na Lopunny. Eneo lile lilikuwa na uhaba wa wanyama wa moto, wakamjazia viti kwa waliopatikana.

Sasa Gengar na Earthquake yako. Ulichosoma ni kweli, ila kimepitwa na wakati. Kwenye Red na Blue za zamani ardhi ilimpiga Gengar sawasawa kwa sababu ya ile sumu yake. Mwaka 2002, Ruby na Sapphire zilipotoka, kila mnyama alipewa kipaji cha kuzaliwa, na Gengar na Haunter wakapewa Levitate: wanaelea. Ardhi itikisike inavyotaka, wao hawaikanyagi. FireRed ni ya 2004, kwa hiyo inafuata sheria hiyo mpya, ingawa ramani na hadithi yake ni zile za zamani. Ndiyo maana maelezo mengi unayoyakuta yanachanganya vijana: yameandikwa kwa ajili ya Red ya kwanza, wewe unacheza mdogo wake mwenye sura ile ile. Dugtrio bado ana kazi kwa Arbok. Kwa Gengar mwache apumzike.

Mfano mwingine wa tofauti hizo, huu nauleta kwa sababu unanichekesha mpaka leo. Kwenye Red na Blue, kompyuta inayomwongoza Lance ilifundishwa kuchagua pigo ambalo aina yake inamwelemea adui, lakini haikufundishwa kuangalia kama pigo hilo linaumiza. Dragonite wake anajua Agility na Barrier, ambazo ni za aina ya akili, na akili inaelemea sumu. Ukimletea Venusaur, ambaye ana sumu, Dragonite anajiongezea mbio, anajijengea ukuta, anajiongezea mbio tena, anajenga ukuta tena. Hapigi. Unamkata polepole huku akifanya mazoezi ya viungo. Usijaribu kwenye FireRed, walishalirekebisha.

Kwa nini wakawa wagumu? Tangu Red na Green zilipotoka Japani mwaka 1996, gemu nzima inakulea kwa njia moja. Unapigana na kiongozi wa beji, ukiumia unatoka, unakwenda kutibiwa, unarudi. Mnyama mmoja mwenye nguvu anakubeba kwa sababu kila baada ya pigano anapata dawa, na kwa kuwa yeye ndiye anayepigana anakula uzoefu wote, kwa hiyo kesho anakuwa na nguvu zaidi na unamtegemea zaidi. Ndivyo ulivyofika na mmoja wa 68 na mwingine wa 33. Kisha Indigo Plateau inakufungia mlango nyuma. Chumba, chumba, chumba, chumba, na wa tano juu yao. Hakuna pa kutibiwa ila mfuko wako, na ukianguka kwa wa mwisho unarudi kuanzia kwa Lorelei. Mapigo ya Charizard yana idadi, nayo yanaisha. Huwezi kuingia uwanjani siku ya Gor na Leopards na mshambuliaji mmoja na watoto kumi wa chandimu, hata huyo mmoja awe mkali namna gani.

Mimi naona hilo ndilo wazo bora kuliko yote katika mfululizo huu. Mwaka 2010, kwenye Black na White, walimruhusu mchezaji achague aanze na nani kati ya wanne, sawa. Mwaka 2019, kwenye Sword na Shield, wakawaondoa kabisa na kuweka mashindano ya mtoano yenye uwanja na mashabiki. Ilipendeza macho. Mimi niliikosa ile hofu ya kuhesabu dawa zilizobaki mfukoni kabla ya kusukuma mlango.

Na usidhani nakucheka. Mimi nilianza na katriji ya Gold ya mtumba, na kwenye Gold huyo huyo Lance amepanda cheo, ndiye bingwa. Nilikwenda na Typhlosion peke yake, wengine ni wa kupamba. Lance akatoa Dragonite. Akatoa Dragonite wa pili. Kabla sijamaliza, wa tatu. Wawili walikuwa levo 47 na mmoja 50, na Dragonair hageuki Dragonite mpaka levo 55! Nilizima mashine nikasema huyu mzee ni mwizi. Nilipokuja kumshinda, nilimshinda kwa barafu. Miezi michache baadaye betri ndogo iliyo ndani ya katriji ikafa na kila nilichosevu kikaenda nayo, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Turudi kwako. Kwanza, wale watatu wa HM uliokuja nao. Ukishafika Indigo Plateau hakuna mto wa kuvuka wala jiwe la kusukuma tena, kwa hiyo waache kwenye kompyuta iliyo pale pale. Pidgeotto naye apumzike. Umepata nafasi nne bila kutoa hata shilingi.

Wa kwanza ni Lapras. Ice Beam anajifunza mwenyewe akifika levo 31, usipoteze pesa kuinunua mjini Celadon. Mpe Surf, atawamwagia Onix wa Bruno. Wa pili ni Zapdos, yuko Power Plant, levo 50 tayari. Sevu kabla ya kumgusa. Angalia jambo moja ambalo huwashangaza wengi: ndege huyu wa umeme unamshika hana pigo la umeme la kuumiza. Ana Drill Peck, ambayo itawafyeka wale wapiganaji wa Bruno, lakini umeme lazima umpe. TM ni kifaa cha kumfundishia mnyama pigo, na TM34 Shock Wave uliyopewa na Lt. Surge inatosha kama hujaitumia. Kama ulimpa mnyama mwingine, imekwenda, maana TM za gemu hii ni za mara moja. Hapo ununue TM24 Thunderbolt Celadon kwa koini 4,000, na koini 500 ni pesa 10,000, kwa hiyo andaa 80,000. Umwangalie tu kwa Lorelei: umeme wake unawaumiza, na barafu yao inamuumiza yeye. Piga wa kwanza, na usimwache akiwa na damu nusu.

Wa tatu ni Kadabra. Abra anapatikana Route 24 na 25, na anageuka Kadabra levo 16. Alakazam utamsikia tu: hageuki mpaka abadilishwe na mchezaji mwingine, na wewe uko peke yako na simu. Haidhuru. TM29 Psychic unapewa bure na mzee mmoja Saffron. Huyu ni wa Machamp, Golbat na Arbok. Usimweke mbele ya Gengar, mizimu inaumiza akili na Kadabra ana ngozi ya karatasi.

Gengar ni wa Snorlax. Kuna Snorlax wawili wamelala barabarani, Route 12 na Route 16, na natumaini hukuwaua wote. Yeye ni wa aina ya kawaida, pigo la mizimu halimgusi kabisa. Shida ni kwamba na mapigo yake ya kawaida hayaigusi mizimu, watabaki wakitazamana. Kwa hiyo ukiwa na pesa ya TM moja tu ya Celadon, nunua TM30 Shadow Ball, koini 4,500, umpe yeye. Katika gemu hii mapigo ya mizimu yanahesabiwa kwa nguvu za mwili, si za akili, na Snorlax mwili anao. Beba Full Heal kadhaa za kuamshia, maana yule Gengar wa mwisho ana Hypnosis, pigo la kulaza usingizi, na Agatha hana haraka.

Walee mpaka 50 au 52, inatosha. Chukua Vs. Seeker kwa yule mama aliye ndani ya Pokémon Center ya Vermilion, uwaamshe tena waendesha pikipiki wa Cycling Road. Wana wanyama wengi wa sumu, chakula cha Kadabra. Lapras mweke wa kwanza kwenye msafara, pigano likianza mbadilishe na Charizard, wote wawili watagawana uzoefu. Na Wanne wenyewe ni shule nzuri: ukishindwa unapoteza pesa, lakini uzoefu walioupata wanyama haurudishwi. Kwa hiyo maliza pesa dukani kabla ya kuingia. Full Restore moja, dawa ya kujaza damu yote, ni 3,000 na Revive, ya kumwinua aliyeanguka, ni 1,500. Nenda na Full Restore kama kumi, Revive nane. Za kujaza kati ya chumba na chumba, nunua Lemonade kwenye mashine za juu ya paa la duka kubwa la Celadon: 350 tu, na inarudisha damu 80.

Kwa Lance sasa: Zapdos amtoe Gyarados, umeme kwake ni mara nne. Kisha Lapras awashukie Dragonair. Aerodactyl akitokea, Lapras akiwa na damu ya kutosha abaki, Ice Beam inamuumiza mara mbili, lakini ule mwamba wake unaiumiza barafu pia, kwa hiyo usimwache na damu nusu. Dragonite mwachie Lapras. Lance ana Full Restore zake, asikushtue akijaza damu mara moja au mbili.

Halafu usisherehekee. Nyuma ya Lance yuko jirani yako wa utotoni, amekutangulia na ubingwa. Kwa kuwa wewe ulichagua Charmander, yeye ana Blastoise, levo 63. Hapo Charizard wako ana kazi ya heshima: Exeggutor ni wa majani, mchome. Pidgeot na Blastoise ni wa Zapdos. Rhydon mwagie Surf. Alakazam ni mwepesi lakini mwili wake ni ganda la yai, Shadow Ball ya Snorlax inamuumiza mara mbili. Arcanine, mpe Dugtrio wako Earthquake yake, amengoja vya kutosha.